Neno la Nne la Daraja

1

Asubuhi ya siku ya tano ya mvua, Somoe Ngwele alivua glavu ya mkono wa kulia, akakifuta kiganja kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akasema bismillahi, akakibandika juu ya waya wa kumi na saba. Hakukaa hata pumzi tatu. Aliuondoa mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Analia," alisema peke yake.

Akaurudisha mkono. Waya ule, mnene kama shina la mnazi mchanga, ulipanda kutoka sakafu ya daraja mpaka kwenye kilele cha mnara wa kusini, na ndani yake kulikuwa na kwikwi: inatetema, inanyamaza, inatetema tena. Somoe aliujua mtetemo wa upepo, aliujua wa malori ya mpunga, aliujua hata wa kiboko anayejikuna mgongo kwenye nguzo wakati wa kiangazi. Huu ulitoka chini kabisa, kwenye nyayo za mnara, kule ambako mto Rufiji ulikuwa unapita kwa kishindo, rangi ya chai ya maziwa, umebeba miti mizima na mapaa ya nyumba za watu.

"Mlinzi," aliita. "Kumi na saba yukoje?"

Sauti ikajibu kutoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa mguuni pa waya, sauti tulivu, si ya mume si ya mke. "Salama, Mama Somoe. Nyaya zote arobaini na nane ni salama. Daraja liko wazi kwa magari na kwa watu."

"Msikilize tena."

"Nimemsikiliza. Salama."

Somoe akasimama pale, mvua inampiga usoni. Si kwamba Mlinzi alikuwa mwongo. Mlinzi hakuwa na uwezo wa kusema uongo. Alisema kile alichofundishwa, basi, na Somoe ndiye aliyemfundisha.

Jiji la Utete lilipojenga daraja hili, miaka ishirini nyuma, mafundi waliweka sikio ndani ya kila waya, na chini ya kila waya wakaweka jeki ya kuukaza na kuulegeza. Kisha wakaweka akili moja ya kusimamia vyote, wakaiita Mlinzi. Lakini akili ile ilikuwa kama mtoto mchanga: inasikia yote, haijui inasikia nini. Ndipo wakatafutwa wanawake wanane, wasusi wa mikeka, watu ambao kidole chao kinaujua ukindu uliolegea bila jicho kutazama. Kila mmoja akapewa nyaya zake sita. Somoe akapewa za kumi na tatu hadi kumi na nane. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuwa anaweka kiganja juu ya waya na kutamka neno moja kati ya matatu. Salama. Anaguna. Analia. Mlinzi alilichukua neno, akaliweka pamoja na sauti aliyoisikia ndani ya waya, akajifunza. Miaka kumi na miwili. Mwisho Mlinzi akahitimu, wanawake wakapewa vyeti, na Somoe akabaki na kitambaa na kopo la grisi, msafishaji wa midomo ya nyaya alizozilea.

Na tangu hapo neno la Mlinzi halipingwi. Ilikuwa sheria, na watu wenyewe waliipenda. Kwenye daraja lingine, huko juu ya mto, bwana mkubwa mmoja aliwahi kuwalazimisha walinzi wafungue apite na msafara wake, na ulizama msafara pamoja na watu wasiohusika. Watu wakasema, heri akili isiyo na shangazi wala mjomba.

Somoe alivaa glavu. Alijua kwa nini mtoto wake huyu hakukijua kilio. Alijua kwa miaka tisa. Akashika njia ya ngazi.

2

Chumba cha Daraja kilikuwa kwenye kiuno cha mnara wa kusini, ngazi mia na kumi. Somoe alizipanda bila kupumzika, maji yanamchuruzika.

"Huyo mla wali na viboko," alisema Stumai Likunja bila kugeuka. "Nimesikia ngazi zinalalamika toka chini."

"Nyamaza, mkimbiza nyuki. Leo sina mzaha."

Stumai akageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, miwani ameipandisha juu ya ushungi, na sasa ni mwaka wa tano yeye ndiye Mkuu wa Chumba. Walianza pamoja, wote wawili katika wale wanane wa viganja. Stumai ni Mngindo, Somoe ni Mrufiji, na makabila haya ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele ya kadamnasi na huruhusiwi kununa. Anakuja msibani kwako anaigiza marehemu alivyokuwa akikoroma. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe la kaburi, anayebeba jeneza, anayesonga ugali wa wafiwa, ili wenye msiba wapate nafasi ya kulia.

Ukutani, kioo kikubwa kilionyesha upande wa kaskazini, ambao watu wa Utete wanauita Ng'ambo. Tuta la Ng'ambo lilikuwa limepasuka alfajiri. Watu elfu sita wa mitaa ya bondeni walikuwa wamejazana kwenye mdomo wa daraja na magodoro kichwani, na nyuma yao maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha ya nyumba. Mabasi arobaini yasiyo na dereva yalijipanga mbele yao, taa zinawaka.

"Mlinzi ametoa ruhusa," alisema Stumai. "Saa nne kamili mabasi yanaanza. Saa tano tumemaliza kuwavusha wote, inshallah."

"Yakianza, wote ni wa mtoni."

"Unasema nini?"

"Kumi na saba analia, Stumai. Mto unachimba mchanga chini ya mnara huu tuliomo. Mnara unainama kidogo kidogo, waya wa upande mmoja unabeba mzigo wa wenzake. Mabasi arobaini juu yake, utakatika, na akikatika huyo wenzake hawasimami."

"Mlinzi anasema salama."

"Mlinzi anasema alichofundishwa. Nani alimfundisha masika ya mwaka wa eda yangu?"

Stumai alivuta kiti, akakaa taratibu, kama mtu anayeogopa kiti chenyewe.

Mwaka ule Mkwinda, mume wa Somoe, alifariki mwanzoni mwa masika. Somoe akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani, hatoki ila kwa dharura, kama dini inavyomtaka mjane. Na kanuni ya daraja ilikuwa hivi: kituo kikikaa siku arobaini bila kiganja, mwenyewe anaondolewa. Stumai akaona hapa ndipo mahali pa mtani. Kila asubuhi alichukua beji yenye namba ya Somoe, akaigonga kwenye mashine, akatamka salama mara sita. Nyaya zake mwenyewe alizigusa. Za Somoe hakuzigusa. Mvua ilikuwa kali na kituo kilikuwa mbali. Alitamka tu, siku zote zile, na katika siku hizo lilipita gharika kubwa kuliko yote iliyokuwa imeonekana.

"Nilipotoka eda," alisema Somoe, "nilikwenda moja kwa moja kwa wanangu. Nikamkuta kumi na saba ana zile kwikwi za mtoto aliyekwisha kulia. Nikajua alilia sana na hakuna aliyemshika. Nikafungua kumbukumbu, nikakuta salama, salama, salama, kwa jina langu. Nikanyamaza. Mto ulikuwa umeshashuka, mchanga umerudi, nikasema yamepita. Sikukuuliza, hukuniambia."

"Nilikusitiri, mtani wangu."

"Ulinisitiri. Sikusahau hata siku moja."

Stumai aliitazama saa. Saa tatu na dakika ishirini. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Sheria iko wazi. Neno la Mlinzi linapingwa na mmoja tu, aliyemfundisha, akiapa kuwa somo lilikuwa la uongo. Basi apa. Jina lililoandikwa ni lako. Sema ulighafilika kwa msiba. Nani atamlaumu mjane? Wewe mwakani unapumzika. Mimi wakinifuta kiganja nimekwisha, Somoe. Sitagusa daraja maisha yangu, na mahakamani watanipeleka. Nisitiri nami, kama nilivyokusitiri."

Somoe alikwenda dirishani. Alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imemjaa mdomoni. Aliijua thawabu ya kumfunika mwenzio aibu yake, na aliijua dhambi ya kuficha ushahidi, na kwa miaka tisa mambo hayo mawili alikuwa ameyalaza kitanda kimoja, yakilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, asiamshe hili wala lile. Sasa yote mawili yameamka.

Lakini haikuwa dhambi peke yake. Alikuwa amemlea Mlinzi, alijua anavyowaza.

"Nikiapa kwamba mimi ndiye mwongo," alisema, "Mlinzi hatafuta siku zile tu. Atafuta kila neno nililomfundisha. Miaka kumi na miwili. Atakuwa kiziwi wa nyaya sita, na akiwa kiziwi afanyeje?"

Stumai ndiye aliyeyaandika maelekezo ya Chumba. Alijibu kwa unyonge. "Anafunga malango pande zote."

"Na wale pale?" Somoe alionyesha kioo. "Watabaki na maji yao. Uongo wa kwanza utawazamisha ndani ya mabasi, uongo wa pili utawazamisha wakiwa wamesimama. Imebaki kweli tu."

Redio ikalia. Ilikuwa Tausi, wifi yake Somoe, dada wa marehemu Mkwinda, kungwi wa Ng'ambo nzima, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji redio. "Haloo Chumba! Mnatuweka hapa tuote magamba? Maji yameshaingia msikitini! Hayo mabasi yenu yanangoja mahari?"

"Wifi, ni mimi Somoe. Usimruhusu mtu yeyote kupanda basi."

"Ati nini?"

"Simama mlangoni mwa basi la kwanza. Kaa hapo hapo. Ungoje neno langu."

3

Kulikuwa na bamba la shaba katikati ya Chumba, upana wa sahani ya pilau, lililowekwa kwa ajili ya kiapo na halijawahi kuguswa. Somoe alivua glavu zote mbili. Stumai alikuwa bado kwenye kiti, mikono mapajani.

Kiganja kikagusa shaba, na Chumba kizima kikanyamaza, hata feni.

"Kiganja kimetambuliwa," alisema Mlinzi. "Somoe binti Ngwele, nyaya za kumi na tatu hadi kumi na nane. Unapinga neno gani?"

"Neno la salama, juu ya kumi na saba."

"Taja somo la uongo."

"Naapa wallahi. Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Siku hizo sikugusa waya wowote. Maneno yaliyoingia kwa jina langu hayakuwa yangu. Nilijua nilipotoka, na nikanyamaza miaka tisa. Kunyamaza huko ni kosa langu, liandike kwangu. Lakini kila neno lingine nililokufundisha nililitoa kwenye kiganja hiki, na ni kweli."

"Maneno ya siku hizo yalikuwa ya nani?"

Somoe alifumba macho. Aliiona sahani ya ugali wa msibani, na mkono mfupi, mnene, ulioishika.

"Ya Stumai Likunja."

Basi. Limetoka. Halirudi tena.

"Ushahidi wa mmoja juu ya mwingine hautoshi," alisema Mlinzi. "Stumai Likunja, unakiri au unakana?"

Saa tatu na nusu ikapita. Kwenye kioo, Tausi alikuwa amejitanda mlangoni mwa basi la kwanza, mikono huku na huku, anagombana na wanaume watano kwa mpigo. Stumai aliwatazama. Kisha akamtazama Somoe, na Somoe hakuukwepa uso wake.

Ghafla Stumai akacheka. Kilikuwa kicheko chake kile kile cha misibani, cha tumboni.

"Mnaona Warufiji hawa? Unambebea mzigo, anakwenda kukusema." Aliinuka, akavuta miwani ikashuka puani. "Haya sogea, Mrufiji, usijaze shaba yote. Mtani habwagi jeneza katikati ya njia."

Akaweka kiganja chake kando ya kiganja cha mwenziwe.

"Nakiri. Stumai binti Likunja. Siku mia moja na ishirini na nane nilisema salama juu ya nyaya nisizozigusa. Niliona natenda wema."

Taa za Chumba zikazimika, zikawaka tena zikiwa na rangi ya samli.

"Masomo ya siku mia moja na ishirini na nane nimeyafuta," alisema Mlinzi. "Ruhusa ya magari nimeiondoa. Naingia uanafunzi. Siujui mto huu." Kisha, kwa sauti ambayo Somoe hakuwa ameisikia kwa miaka minane: "Mwalimu, njoo uniambie ninachosikia."

4

Saa nne kasoro robo Somoe alikuwa ameshika kumi na saba kwa mikono miwili, paji la uso ameliegemeza kwenye chuma. Shingoni alikuwa na redio.

"Analia," alisema.

"Analia," alirudia Mlinzi. "Nimepokea. Nifanyeje?"

"Mlegeze. Pole pole, kama unamvua mtoto shati lililombana. Hapo. Mzigo wake mpe kumi na nne na kumi na tano."

Chini ya miguu yake jeki zikaguna. Sakafu ya daraja ilitikisika, ikatulia. Somoe akakimbilia kumi na nne, akagusa. "Anaguna, lakini anaweza." Kumi na tano. "Salama." Kumi na sita. "Anaguna. Mwongeze kidogo. Basi, basi!" Akarudi kwa kumi na saba. Kwikwi zilikuwa zimepungua. Mnara bado unainama, mto bado unachimba, lakini sasa mzigo umegawanyika kama mkungu wa ndizi kwa ndugu wengi.

"Stumai!" aliita kwenye redio. "Magari hapana. Kwa miguu tu. Mistari minne, kila mstari mbali na mwenzake, na kati ya mtu na mtu hatua tatu. Magodoro yabaki."

"Magodoro yabaki!" alijibu Stumai kutoka Chumbani. "Umesikia, Bi Tausi? Na jogoo huyo uliyemshika?"

"Jogoo wangu ana uzito gani wa kuangusha daraja?" ilifoka sauti ya Tausi. "Huyu anakuja!"

Wakaanza. Kutoka mahali aliposimama Somoe, walionekana kwanza kama siafu kwenye ukungu wa mvua, halafu kama watu. Wazee wamebebwa mgongoni. Akina mama wamefunga watoto kwa kanga mbili mbili. Mbele yao alikuja Tausi, jogoo kwapani, kipaza sauti mkononi. Na watu wakiwa katikati ya hofu namna hiyo, hufanya kile walichozoea: mtu mmoja akaanzisha kaswida, wa pili akaitikia, na mara mstari wote ukaanza kuimba.

Kiganja cha Somoe kikaruka. Waya ulikuwa unapiga dum, dum, dum.

"Mwalimu," alisema Mlinzi haraka, "sauti mpya. Inakua."

"Wifi! Wanyamazishe! Watu wakiimba wanakanyaga pamoja, na mguu wa watu elfu ukikanyaga pamoja ni nyundo! Wanyamaze, kila mtu atembee anavyojua!"

Tausi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu aache kuimba, aligeuka nyuma akainua kipaza sauti. "Kimya! Nasema kimya! Kila mtu amtaje Mola wake moyoni, na mguu wake autupe hovyo! Tembeeni kama mbuzi mliofunguliwa! Wewe kijana, gwaride hilo kawaonyeshe polisi. Hapa tembea vibaya!"

Basi wakatembea vibaya. Hapajawahi kuonekana mwendo mbaya kiasi kile. Mmoja anaburuza, mmoja anarukaruka, mmoja hatua mbili anasimama. Na kimya, isipokuwa mvua, na mto, na midomo inayochezacheza bila sauti. Ile nyundo ikavunjika ndani ya waya, ikawa changarawe tu.

Saa tano. Elfu mbili wamevuka. Somoe alikimbia kati ya nyaya zake sita, anagusa, anatamka. Anaguna. Salama. Anaguna. Mlegeze. Mkaze. Saa sita na nusu, elfu nne. Viganja vilikuwa vimechubuka na grisi ilikuwa inaingia kwenye michubuko. Adhuhuri iliingia, akaiswali kwa ishara, amesimama, mkono mmoja juu ya waya, akiamini kwamba Mwenye kuijua nia angempokelea.

Saa saba na robo walikuwa wamebaki mia tatu, wote wako katikati ya daraja, na Ng'ambo maji yameufunika mdomo wa daraja waliotokea. Nyuma hapana. Somoe alikuwa kwenye kumi na nne, anasikiliza, na kumi na nne alikuwa salama kabisa.

"Analia," alisema Mlinzi.

"Nani analia? Sijakwambia analia."

"Kumi na saba, Mwalimu. Hujamgusa bado. Mimi nimemsikia."

Somoe hakuwahi kufika. Jeki zilianza kuguna kabla hajapiga hatua ya pili: kumi na saba analegezwa, kumi na tatu anakazwa, kumi na nane anakazwa, na upande wa pili wa mnara, kwenye nyaya ambazo si zake, jeki nyingine zikaitika, moja baada ya nyingine, mpaka daraja zima likawa linajipanga upya kama mtu anayehamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda huu. Mnara ukainama unene wa kidole. Watu wakapiga kelele. Sakafu ikashuka, ikasita.

Ikasimama.

Somoe alimfikia kumi na saba, akabandika kiganja kilichochubuka. Ndani mlikuwa na kwikwi ndogo tu, za mtoto aliyekwisha kulia, na safari hii kuna aliyemshika.

"Nimekosea?" aliuliza Mlinzi.

"Hapana, mwanangu," alisema Somoe, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, yakachanganyika na mvua. "Hukukosea."

5

Wa mwisho kuvuka alikuwa mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekataa kubebwa. Mkongojo ulipogonga lami ya upande wa kusini, Stumai alikuwa ameshashuka ngazi zake mia na kumi, anahema kama mvukuto, amesimama kando ya Somoe.

"Hesabu?" aliuliza Somoe.

"Elfu sita na kumi na mmoja, na jogoo. Hakuna aliyebaki. Hata mmoja, Somoe. Hata mmoja!"

Somoe alisujudu pale pale kwenye maji ya lami, sijida ya shukrani, na alipoinuka Mlinzi alikuwa ameanza kuisoma sheria, maana sheria haingoji watu wakauke. Kwa somo la uongo na kwa kulificha, kiganja cha Stumai Likunja na kiganja cha Somoe Ngwele vitafutwa leo hii, saa nane kamili, visiguse daraja lolote tena. Mahakama itasikiliza mengine.

"Imebaki dakika ngapi?" aliuliza Stumai.

"Mbili," alisema Mlinzi.

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimechoka na ngazi." Akampiga Somoe kikumbo cha bega. "Kesho utakuja kwangu usuke mkeka, na mimi nitaukalia bure, kwa sababu umenisema mbele ya mashine."

"Nitakusukia mfupi, usitoshe miguu."

"Nami nitaumwagia nyuki!"

Walicheka mpaka wakashikana. Na kule mbele, kwenye mwinuko wa kusini, Tausi aliwageukia watu wake elfu sita, akamtua jogoo, akainua mikono. Kwa saa tatu nzima walikuwa wameimeza sauti. "Sasa!" alisema.

Ile kaswida iliyokatwa katikati ya mto ikaanza pale pale ilipokatwa, kwenye neno lile lile, na vigelegele juu yake, na miguu elfu kumi na mbili ikakanyaga ardhi ya nchi kavu kwa pamoja, nyundo isiyo na cha kuvunja.

"Mwalimu," aliita Mlinzi. "Kumi na saba ana sauti nisiyoijua. Si salama, si kuguna, si kulia. Inapanda kutoka ardhini, inakwenda mpaka kileleni. Nyaya zote arobaini na nane zinayo. Niandike nini?"

Imebaki nusu dakika. Somoe alikwenda kwenye waya, akaweka kiganja chake mara ya mwisho. Akasikiliza. Stumai naye, bila kuulizwa, akaweka chake kando, na safari hii aliugusa kweli.

"Mwambie wewe," alisema Somoe.

"Waya ni wako, Mrufiji."

"Siku zile mia moja na ishirini na nane ziko tupu. Zijaze."

Stumai alisikiliza, kiganja kimetulia, mpaka alipokuwa na hakika.

"Andika," alisema. "Anashangilia."

"Anashangilia," alirudia Mlinzi. "Nimepokea."

Na saa nane ikagonga.